Lantana ya Baba

Harufu ya lantana ni ya mkojo wa paka. Asikudanganye mtu. Hapa Rwamishenye ninapoishi siku hizi kuna mabinti wanaouza miche kando ya barabara, wameipanga kwenye makopo ya rangi, na lantana ndiyo wanayoiweka mbele. "Mama, chukua hii. Haihitaji maji, haifi, inachanua mwaka mzima." Yote wanayosema ni kweli, na ndiyo maana yananichefua. Juzi mmoja alinisogezea tawi puani ninuse. Nilimkaripia mtoto wa watu mpaka akarudi nyuma, halafu nikaona haya, nikanunua mche wa mlimau nisiouhitaji.

Baba yangu alikuwa mtunza bustani mjini Bukoba, kwenye nyumba ya afisa mmoja wa Kiingereza, jirani na ziwa. Uhuru ulipokuja yule afisa akafunga masanduku yake akaondoka, na baba akarudi kwetu Muleba. Wenzake waliotumikia Wazungu walirudi na sahani, makoti, hata kiti kisicho na mguu mmoja. Yeye alirudi na gunia bichi linalotiririka maji, na ndani yake fito zenye vimiiba, kila mmoja urefu wa kiganja na kidole. Alikuwa amelipakata juu ya lori njia nzima. Mama alilifungua akidhani ni nguo, akageuza uso.

"Waitu, hiki ni nini kinachonuka hivi?"

"Ni lantana," baba akasema. "Usiishike kwa mikono ya mafuta."

Nilikuwa mdogo bado, lakini nakumbuka jinsi alivyozipanda, kwa sababu alituita sote tutazame. Ufito unaukata chini kidogo ya kifundo. Unaupukutisha majani yote ila mawili ya juu, unauchomeka ardhini kwa kuulaza upande, vifundo viwili chini, viwili juu, unakanyaga udongo kwa kisigino. Usiipe samadi, maana ikishiba inatoa majani matupu bila maua. Usiimwagilie kila siku, maana ikilewa maji inaoza. Alipanda safu nzima mbele ya nyumba, kando ya barabara, kwenye ile changarawe nyekundu ambayo hata kunde ziligoma. Majirani walipita wakicheka. Walisema mzee huyu amekaa na Wazungu mpaka amesahau kwamba kinachopandwa huliwa.

Kiangazi cha pili walinyamaza. Majani ya magimbi yalijikunja, migomba ya pembeni ikainamisha vichwa, na ile lantana ikachanua. Vichwa vidogo vya maua, njano katikati, rangi ya chungwa pembeni, na vilivyozeeka vikageuka vyekundu. Watu wakaanza kuomba vipande. Padri akaomba vya kupanda kanisani, mwalimu mkuu akaomba vya shule, na baba akawa anapita kijijini na kisu kidogo mfukoni kama mganga. Ilikuwa fahari ya kwanza aliyowahi kuipata kwa watu wake mwenyewe, na ililevya kuliko rubisi.

Kumsikiliza baba ungedhani lantana inaweza kusomesha watoto. Majani yake tuliyatandika kati ya maharage ghalani ili dumuzi wasikae. Tuliyaweka chini ya kuku anayelalia ili utitiri umwache. Tuliyachoma jioni mbu waondoke, na sisi nusura tuondoke pamoja nao. Vijiti vyake tulisugulia meno. Kazi ya kuokota majani yaliyoanguka ilikuwa yangu, na harufu ile iliniingia kwenye vidole isitoke kwa majivu wala kwa sabuni. Nilipokula ndizi niliisikia. Nilipopiga ishara ya msalaba niliisikia. Nilikuwa msichana mdogo anayenuka paka, na wenzangu shuleni hawakuacha kunikumbusha.

Mama hakuipenda, ila alikuwa na mambo yake ya kupenda. Alikuwa na ng'ombe. Huyu alikuwa wa kwake hasa, alipewa na baba yake mzazi aliponizaa mimi, ndama jike mwekundu mwenye doa jeupe kwenye kwapa. Mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani ng'ombe mmoja ni kitu kidogo. Kibanja cha ndizi na kahawa hakiishi kwa mvua peke yake, kinaishi kwa samadi. Ukiwa na ng'ombe, migomba aliyopanda babu inazaa mpaka kwa mjukuu. Ukimkosa, unaanza kuona mikungu inapungua, halafu mashina yananyong'onyea, halafu watu wanaanza kukusalimia kwa huruma. Ng'ombe wetu alilala ndani, chumba cha nyuma, amefungwa kwenye nguzo, na mimi kila nilipotoka shule nilikwenda rweya, yaani zile mbuga za nyasi nyuma ya vibanja, nikakata mizigo miwili. Nyasi laini za kutandaza sakafuni, tunakokaa sisi na wageni, na nyasi ngumu za kumlisha na kumtandikia yeye.

Jirani yetu wa upande wa kulia alikuwa bibi mmoja mjane. Hakuwa ndugu, lakini mpaka wetu na wake ulikuwa safu tu ya milamula, ile miti ya majani marefu ambayo wazee walipanda ili watu wasigombane, na sisi watoto tuliipita bila kujua tumetoka kwetu. Watoto wake wote walikufa wadogo. Mumewe alizikwa nyuma ya nyumba, chini ya migomba, kama tunavyozika sisi, na kila asubuhi alifagia lile kaburi kabla ya kufagia uwanja. Kisha alikuja kwetu na kibuyu chake kidogo kuchukua maziwa. Mama alimjazia bila kuambiwa. Naye alileta kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani la mgomba, akakaa sakafuni, akanivuta mguu akanitoa funza kwa mwiba wa mchungwa. Alikuwa na mkono mwepesi. Alikiweka kile kifuko cha mayai ya funza kwenye ukucha wake, akanionyesha, akakipasua, tukacheka wote wawili. Kabla ya kuondoka alipita nyuma kumkuna ng'ombe shingoni. "Mzuri huyu," alisema kila siku. "Mzuri kuliko wote." Kila siku neno lile lile.

Miaka michache baada ya Azimio, kiangazi kilikuja kikakaa. Mvua za vuli zilitupita. Mwaka huo huo balozi wa nyumba kumi alituletea habari ya chama: kijiji cha ujamaa kinafunguliwa mbali huko upande wa magharibi, katikati ya rweya, na kila nyumba kumi zitoe kaya moja ya kwenda kukianzisha. Kila mmoja alipiga makofi. Tulikuwa wajamaa sana sisi, wa mdomo. Tuliimba nyimbo za ujamaa tukiwa tumesimama juu ya makaburi ya babu zetu, na hakuna aliyefikiria kuondoka hapo. Huko hakukuwa na migomba, hakukuwa na kahawa, hakukuwa na mtu wako aliyelala ardhini. Balozi alizunguka nyumba zake kumi mara tatu. Kila nyumba ilikuwa na mgonjwa, au mtoto mchanga, au goti linalouma. Baba alisema yeye angekwenda kwa furaha, ila nani angetunza maua ya kanisa.

Ndipo tukasikia kwamba katibu wa chama mwenyewe atapita Alhamisi kuchukua jina. Baba aliingiwa na wazimu wa usafi. Siku mbili kabla, alichukua mkasi wake mkubwa wa bustani akaipunguza lantana yote, kutoka pembe hadi pembe, mpaka ikanyooka kama meza. Chini kukabaki rundo la matawi linalonifika kifuani, majani na maua yake. Akaniambia, "Kayatupe shimoni." Mama naye kutoka ndani akaniambia, "Kalete nyasi, ng'ombe hajala tangu asubuhi."

Rweya ya karibu ilikuwa imeungua wiki ile. Nyasi zilikuwa ng'ambo ya bonde, mwendo wa kwenda na kurudi mpaka jua linazama. Na shimo la taka lilikuwa mbali pia, upande wa pili wa kibanja. Nikasimama pale na amri zangu mbili, nikazifanya moja. Niliyaacha matawi juani kidogo yakanyauka, harufu ikapungua, nikayabeba mafungu manne, nikayatandaza chumba cha nyuma chini ya ng'ombe. Juu nikatupia nyasi kavu kidogo nilizokwangua sakafuni mwetu, ili mama akichungulia aone nyasi. Nikajisifu kwa akili. Ng'ombe aliinamisha kichwa akaanza kutafuna mara moja. Njaa haichagui.

Kesho yake hakula. Keshokutwa yake alisimama ameganda, tumbo limekaza, hatoi kinyesi. Mama alimnywesha magadi, akamnywesha maji ya omubilizi, ule mti mchungu tunaowanywesha watoto wenye homa, yakatoka puani. Siku ya tatu macho yake yakawa ya njano, njano ya ua lile lile. Tulipomtoa nje apate hewa alilia, akarudi ndani mwenyewe akijigonga mlangoni, kama jua linamchoma. Natamani ningeweza kuishia hapo, lakini mimi ndiye niliyekuwa nampa maji kila siku, nikaona yote. Pua yake ilipasuka. Ngozi ya mdomo ikakauka, ikajikunja, ikaanza kung'oka vipande, na chini yake kukawa nyama tupu yenye majimaji. Kiwele kikafuata. Nzi waliingia nyumba nzima, wakatoka kwake wakaja kwenye vyakula vyetu, na siku moja niliona funza weupe wakijongea pembeni mwa ulimi wake. Ule uvundo ulifunika hata lantana. Nilikuwa nabana pumzi ninapoingia, namwekea maji, natoka mbio, natapika kwenye migomba.

Katibu alikuwa amepita Alhamisi. Alisifu ua, akanywa rubisi, akakuta hakuna jina. Alisema atarudi baada ya wiki mbili na atalikuta.

Wiki iliyofuata baba aliamua ng'ombe achinjwe kabla hajafa. Wachinjaji wawili walikuja kutoka senta, wakafunga vitambaa puani. Nyama ilikuwa na rangi ya manjano na mafuta yake yalinata. Mtu mwenye akili angechimba shimo. Lakini nyama ilikuwa nyama, na kiangazi kilikuwa kiangazi.

Kusafisha tumbo ni kazi ya wanawake. Mama na mimi tuliliburura mpaka pembeni, kwenye majani ya mgomba, akalipasua kwa kisu. Lilimwagika. Lilikuwa limejaa, limeshindiliwa, halikuwa limesagika kabisa, na kila mtu mwenye macho angejua ni nini. Majani yale ya kukwaruza, yenye meno pembeni. Vijiti vya pembe nne. Na katikati, vichwa vidogo vya maua, vingine bado vina rangi. Nilitazama vidole vyangu. Mama alitazama lile tumbo, akanitazama mimi, muda mrefu, na mimi nikatazama chini. Baba alikuwa akija na ndoo. Akafika, akainama, akaona. Akanyooka.

"Fukieni hiyo," akasema, na akaenda kunawa mikono ambayo haikuwa imeshika chochote.

Tulifukia. Sasa sikiliza tulichofanya baadaye.

Kwetu ng'ombe akichinjwa, nyumba zote za jirani hupata fungu. Huwezi kula nyama peke yako moshi wako ukionekana kwa watu. Mafungu hufungwa kwenye majani ya mgomba na watoto huyapeleka mlango kwa mlango. Nyumba isiyoletewa inajua, na waliobaki wote wanajua, na hakuna haja ya mtu kufungua mdomo. Mama alifunga mafungu manane. Nilihesabu. Nikahesabu tena. Nikamwambia, "Mama, umesahau la bibi."

"Peleka hayo," mama akasema.

Nikapeleka. Nilipita mlangoni mwa yule bibi na kikapu kichwani. Alikuwa amekaa kizingitini, amekwishaandaa sahani yake ya bati pembeni, imeoshwa. Aliponiona alitabasamu akanyanyuka. Nikapita. Nilimsikia akisema "mwana wange", mara moja tu. Hili ndilo ninalolichukia katika maisha yangu kuliko jambo jingine lolote, na sikulifanya kwa sababu ya kuogopa kichapo. Nililifanya kwa sababu moyoni nilifurahi. Nilikuwa nimetafuta siku nyingi mtu wa kubeba kile nilichokifanya, na mama alikuwa amenipatia.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda yenyewe. Hakuna aliyemtaja mtu. Watu waliuliza tu maswali. Nani alikuwa akimshika yule ng'ombe kila asubuhi? Nani alikuwa akimsifu? Mbona yeye watoto wake walikufa? Lisemwalo lipo, walisema, huku wakichokoa meno yao kutoa nyuzi za nyama ile ya njano. Na sisi tuliila. Mama aliipika kwa ndizi, akatia chumvi nyingi, na mimi nilimeza vipande vitatu vizima bila kutafuna, kwa maana kuacha kula kungekuwa kusema.

Kikao kilifanyika uwanjani kwetu, mchana wa Jumapili baada ya misa. Balozi alikuwa mtu mpole, mwimbaji wa kanisani, na sikuwahi kumsikia akimgombeza hata mbwa. Aliongea kwa sauti ya kitandani kwa mgonjwa. Alisema kikulacho ki nguoni mwako. Alisema hakuna anayemshitaki mtu hapa, hizo ni imani za zamani na serikali haizitaki. Alisema ila amani ya nyumba kumi ni muhimu, na kwamba kijiji kipya ni nafasi kubwa, watu watapewa ardhi, watapewa zahanati, na mtu aliye peke yake angepata wenzake.

Yule bibi alikuwa amepiga magoti pembeni kama mwanamke mwenye adabu anavyopaswa. "Waitu," akasema, "mimi mzee wangu yuko hapa. Nitamwachia nani?"

Wakamgeukia baba, mwenye nyumba. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mlango, nikaona shingo yake. Nikawaza, sasa atasema.

"Mimi sijamtaja mtu yeyote," baba akasema. "Lakini kama mama huyu anapenda kujitolea kwa ajili ya taifa, kaburi tutalitunza sisi. Ni jirani yetu."

Watu wakapiga makofi. Balozi akaandika jina, na chini yake, nadhani, aliandika kwamba amejitolea. Nyumba zetu kumi zilikuwa zimetimiza wajibu. Mama alikuwa anapitisha kahawa ya kutafuna kwenye kikapu, na alipofika kwa yule bibi alimpa pia, kwa mikono miwili, kwa heshima, na yule bibi akapokea.

Lori lilikuja siku ya pili ya juma lililofuata, likasimama barabarani, mbele ya lantana yetu. Bibi alikuwa na mkeka, chungu, jembe, na machipukizi matatu ya mgomba aliyoyafunga matope kwenye mizizi. Dereva alimwambia aache machipukizi, huko hayataota. Aliyaacha. Akasimama kidogo, kisha akaja kwenye uwanja wetu, akapiga magoti kumsalimia mama.

"Wanasema kule hakuna mvua," akasema. "Nikatieni hili ua lenu. Nipande mlangoni, niwe na kitu kinachosimama."

Mama aliingia ndani akatoka na kisu cha baba. Sikuwahi kumwona akikata kitu kwa haraka vile. Alikata fito kumi, ishirini, bila kuangalia kifundo kiko wapi, mikono inamtoka damu kwa miiba. Akazifunga kwenye jani la mgomba, akanipa. "Msindikize bibi yako."

Kutoka uwanjani kwetu mpaka lori ni hatua labda hamsini. Nilibeba lile furushi kifuani, harufu yake inanipanda puani, na nilipofika katikati nilisema. Sijui kwa nini pale na si kabla. Labda kwa sababu hapo haikusaidia kitu.

"Bibi, usimfunge ng'ombe karibu nayo."

Alisimama. "Ng'ombe nimtoe wapi, mwana wange?" Kisha akanitazama miguu, ile miguu aliyoijua kila kidole. "Nani kakwambia?"

"Niliyaona majani yake tumboni. Ni mimi niliyempa."

"Mama yako anajua?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Na baba yako?"

Nikaitikia.

"Kumbe," akasema, "mimi peke yangu ndiye nisiyejua."

Dereva akapiga honi. Nilingoja anipige, nilitamani anipige. Nilingoja arudi uwanjani apige yowe, watu wote watoke. Badala yake alinishika bega akainama mpaka nikaona meno yake yaliyobaki.

"Usiwaambie kwamba najua," akasema. "Wakijua kwamba najua wataona haya kulikaribia lile kaburi. Waache walipalilie. Umenisikia?"

Akachukua furushi lake la lantana mikononi mwangu, akapanda.

Nilirudi. Mama alikuwa anamenya ndizi, na vidole amevifunga vitambaa. Akauliza bila kuinua uso, "Amesema nini?"

"Amesema asante."

"Ni mtu mwenye moyo," mama akasema, na akaendelea kumenya.

Baba na mama hawakulipalilia lile kaburi. Sitasema mengi juu yao, wote wawili wamekufa na wamezikwa vizuri. Baba alisubiri msimu mmoja, kisha akaanza kuvuna kahawa ya kule kwa bibi, kwa kuwa, alisema, itaharibika. Ndege waliokula zile mbegu nyeusi za uzio wetu walizipeleka kwenye migomba isiyo na mwenyewe, na lantana ikaota humo bila mtu kuikatia fito wala kuikanyagia udongo. Mimi ndiye niliyekwenda kupalilia. Kila nilipotoka shule niling'oa machipukizi kwa mikono juu ya kaburi la mtu ambaye sikumjua hai. Nililifanya hilo miaka sita, nalisema kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba nilifanya kitu. Habari za bibi mwenyewe tulizipata mara moja tu, kwamba amefariki na wamemzika hukohuko kwenye rweya.

Kisha nikaolewa, nikaja mjini, nikaacha.

Nilirudi nyumbani kusalimia nikiwa na mtoto wangu wa kwanza mgongoni. Nilikwenda kule nyuma ya nyumba ya bibi. Nilitafuta kwa muda mrefu, nikisukuma yale matawi kwa mkono mmoja, na sikuweza kupata mahali kaburi lilipo. Mama akaniita kutoka jikoni, akiuliza ninatafuta nini huko kwenye kichaka na mtoto mchanga.

"Natafuta kuni," nikasema.

Na ili isiwe uongo, nilikata lantana iliyokauka, mzigo mzima, hapo hapo nilipokuwa nimesimama. Tukapikia ndizi. Nikala, nikamnyonyesha mtoto.